Kwa Wake wa Askari Waliopigwa na Mlipuko

Mama zangu na dada zangu, ahsanteni kwa kuvumilia jua hili.

Januari 2020, makombora ya Iran yalipiga kambi ya Al Asad huko Iraki. Rais Trump akatangaza kwamba hakuna Mmarekani aliyedhurika. Wiki chache baadaye, askari wake zaidi ya 100 walikuwa wamegunduliwa kuwa na jeraha la ubongo. Mshindo wa mlipuko pekee unatosha. Sasa wafikirieni vijana wetu wa Kenya waliovuka kuingia Somalia tangu Oktoba 2011, na yale mabomu ya kutegwa barabarani. Gari linarushwa, mtu anajipangusa vumbi, anasema yuko sawa.

Daktari naye ataambiwa hivyohivyo, maana askari amefunzwa kujibu hivyo. Hata picha ya CT skani huweza kutoka safi. Aonaye ni wewe unayelala naye. Kwa hiyo weka daftari: amelala saa ngapi, kichwa kimeuma lini, amewaka kwa kelele au kwa mwanga wa taa. Ingia nalo kwa daktari. Ukiambiwa usubiri nje, mumeo mwenyewe aseme anakutaka ndani.

Wengi mnalalamikia hasira, lakini naona kinachowavunja zaidi ni ule ukimya. Ameketi, mgeni kaingia, hainuki. Mama mkwe anasema kalishwa kitu. Wewe unasema ana mwingine. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwanzisha mtu kutenda, na ikiumia anaweza kutaka jambo asiweze kulianza. Usimuulize, "Leo utafanya nini?" Mwambie, "Baba Amina, twende tukanunue mboga." Sehemu hiyohiyo ndiyo huzuia pupa, kwa hiyo msishangae mshahara ukiishia kwenye kamari na mikopo ya simu. Pesa zipangeni asubuhi, kabla hajachoka.

Pombe aache. Bodaboda bila helmeti asipande, kwani pigo la pili juu ya la kwanza ni hatari. Akipata kifafa, akitapika mfululizo, au mboni moja ikipanuka kuliko nyingine, ni hospitali usiku huohuo. Mganga hapana.

Na akikupiga? Nimenong'onezwa swali hilo pale mlangoni. Jeraha si ruhusa. Ondoka na watoto kwanza, mlale kwa ndugu, kisha mweleze daktari wake kila kitu, kwa sababu hata hasira hiyo ina matibabu.

Haya, maswali. Tuanze na dada wa kule nyuma.