Bastola Moja ya Kila Kazi: Namna ya Kuichagua

Haya jamani, karibuni. Leo mezani kuna bastola tatu, na swali ni lile mnaloniuliza kila mara: kama kibali ni cha moja tu, au mfuko unatosha moja tu, nichukue ipi? Moja ya kulinda nyumba, ya kutembea nayo kiunoni, na ya kupigia shabaha siku ya mapumziko.

Mimi si askari wala bingwa wa mashindano. Nashona pochi za ngozi za bastola, na mshona pochi anajua siri za watu. Anajua ipi inavaliwa mpaka ngozi inang'aa, na ipi inarudishwa baada ya mwaka ikiwa bado inanukia upya. Ushauri wangu mwingi unatoka hapo.

Kibali, mafunzo na sheria za mahali unapoishi vinatangulia. Kama huna, hii video iangalie tu kwa kujifurahisha. Twende.

Kwanza kabisa, hakikisha bastola ni tupu. Hapa nitakwenda polepole, mtanivumilia. Magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inatoka kwanza. Nabonyeza kitufe hiki, magazini hii hapa, naiweka kando. Halafu ndipo navuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, mara moja, mbili, tatu, naishikiza nyuma na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Kisha natia ncha ya kidole kidogo mle ndani, maana macho huona kile yanachotaka kuona. Magazini, halafu slaidi.

Mbona nasisitiza? Kwa sababu niliwahi kugeuza. Nilivuta slaidi kwanza, risasi ikaruka nje, nikajisifu. Kumbe slaidi ilipokuwa inarudi mbele ilibeba nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Ndipo nikatoa magazini, nikaona kazi imekwisha, nikafyatua kuelekea pipa la mchanga kuonyesha kwamba ni tupu. Haikuwa tupu. Hakuna aliyeumia kwa sababu mtutu ulikuwa umeelekea mchangani, ila nilikuwa nimeshavua vifaa vya masikio, na masikio yalilia mpaka kesho yake. Kwa hiyo narudia: magazini, halafu slaidi. Andika ukutani ukitaka.

Sasa naishika hivi, mniangalie... ngoja. Ngoja kwanza. Kamera iko mbele ya mtutu, na nyinyi mko nyuma ya kamera. Ni tupu, nimeiangalia mbele yenu, lakini bado hatufanyi hivyo. Naihamishia upande huu. Haya. Mnaona bega langu zaidi kuliko bastola, lakini afadhali bega.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe: mkono. Watu wanaanza na jina la kampuni, mimi naanza na kiganja. Shika mpini juu kadiri unavyoweza, ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikae juu, chini tu ya slaidi. Mtutu uwe kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Sasa, ukiwa umehakikisha ni tupu na umeelekeza mahali salama, peleka kidole cha shahada kwenye kifyatulio. Ule mto laini wa pingili ya kwanza ndio unaotakiwa kugusa. Ikigusa ncha ya ukucha tu, mpini ni mnene kwako. Ikibidi uuzungushe mkono ili ufike, ni mnene kwako. Hata kama ni nzuri, hata kama shemeji anayo. Bastola nyingi za sasa huja na vipande vya kubadilisha vya nyuma ya mpini, jaribu hivyo kabla hujakata tamaa.

Kidole kikitoka kwenye kifyatulio kinanyooka ubavuni, juu, hivi. Kila mara.

Ukubwa sasa. Hii ndogo ni SIG Sauer P365, iliyotoka 2018. Magazini yake ya kawaida inabeba risasi 10, na inapotea chini ya shati. Kila mtu anaipenda dukani. Kisha anaenda uwanjani, anapiga risasi 50, na mkono unaanza kulalamika. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi, hakuna uchawi hapo. Ya kubeba tu, sawa. Ya kila kazi, mimi hapana.

Hii ya katikati ni Glock 19, ipo tangu 1988. Mtutu milimita 102, magazini ya risasi 15, na ikiwa na magazini tupu haifiki gramu 700. Sura yake kama tofali, nakubali, sijawahi kuona mtu akiitundika ukutani kama pambo. Lakini mpini unajaza mkono wote na bado inafichika kiunoni. Pochi za saizi hii ndizo zinazorudi kwangu zimechakaa, zinataka uzi mpya. Zile za bastola kubwa zinarudi mpya. Mwenye nayo aliivaa wiki mbili, kiuno kikamuuma, ikabaki kabatini.

Si lazima iwe Glock, sikilizeni vizuri kabla hamjanirukia. Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwa CZ 75, ya chuma, ya mwaka 1975, slaidi inatembea ndani ya fremu, yaani mwili wa bastola, badala ya kuikumbatia kwa nje. Inakaa mkononi kama imeniotea pale. Ni nzito, ndiyo. Mapenzi hayapimwi kwa mizani.

Risasi. Hapa nitafupisha kwa sababu mabishano haya hayaishi: chukua ya milimita 9, huo ni unene wa risasi; hizi .45, .40 na .22 nitakazozitaja ni unene kwa inchi. Ilianza 1902, inapatikana kuliko nyingine karibu zote za bastola, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko .45, maana yake utafanya mazoezi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilishahamia kwenye .40, likarudi 9. Ile .22 ni tamu kwa kujifunzia na ni ya bei ndogo zaidi, ila baruti yake ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda, na mara kwa mara moja inagoma. Usiipe kazi ya kukulinda kama una njia nyingine.

Hii ya tatu mezani, rivolva, ile ambayo risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka: Ruger GP100. Zaidi ya kilo moja, risasi sita. Nimeileta kwa ajili ya wale wanaoshinda porini. Ni ya .357 Magnum, lakini inameza pia .38 Special, kwa sababu unene ni ule ule, ganda la .38 ni fupi tu kwa milimita 3 na kidogo. Unafanya mazoezi na ya pole, unabeba kali. Kinyume chake haiwezekani: Magnum haiingii kwenye rivolva ya .38, na ikiingia kwa bahati mbaya usifyatue. Ukipiga .38 nyingi, masizi yanajikusanya kwenye silinda na Magnum zinakwama, safisha. Na vidole visipite mbele pale silinda inapokutana na mtutu. Moto unatoka pale ubavuni. Unaunguza.

Mnaona hapo pana... hapana, kamera inashika ukuta. Njoo. Njoo huku. Basi, tuendelee hivyo hivyo.

Hatua ya mwisho kabla ya kulipa: azima au kodi uwanjani, usinunue kwa macho. Vifaa vya masikio na miwani, hilo mnajua. Sasa mchezo wangu. Mwambie rafiki akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili tatu katikati ya za kweli, wewe usijue ziko wapi. Piga. Ukifika kwenye ile bandia, hakuna mlio, na hapo utajiona. Mtutu ukiinama chini, ujue ulikuwa unalisubiri teke na kulipinga kabla halijafika. Kila mtu anainamisha kidogo. Lakini fanya hivyo na bastola mbili tofauti siku hiyo hiyo, na ile inayoinama kidogo ndiyo yako. Mimi nilikuwa na hakika nitachukua ya .45. Nilipiga mchezo huu, nikainama kama nasalimia wazee. Nikanunua ya 9.

Risasi ikigoma kwa sababu yoyote, mtutu unabaki mbele, unahesabu hadi thelathini, kisha: magazini, halafu slaidi. Mmeshalizoea, nawaona.

Ukishainunua, pesa iliyobaki nenda nayo kwenye risasi za mazoezi, kisanduku cha chuma chenye kufuli, na pochi inayofunika kifyatulio chote. Nasema hivyo si kwa sababu nauza pochi. Haya, kwa sababu hiyo pia. Lakini pochi laini ya kitambaa inayojikunja inaweza kuingia kwenye kifyatulio wakati unairudisha bastola, na hapo ni paja lako. Irudishe polepole, ukiangalia. Hakuna shindano la kurudisha.

Betri inawaka nyekundu. Ya rangi na kushona pochi nitawaonyesha siku nyingine, ngozi bado haijakauka.