Kutoka Bagamoyo hadi Kaole kwa Miguu

Ndugu wasikilizaji,

Sisi wa Dodoma tumezoea kuiona pwani kama nchi ya wenzetu, ilhali utajiri wa Bagamoyo ulifika kwa miguu, na miguu hiyo ilipita hapa kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Ujiji na Tabora, ikaivuka Ugogo na kupumzika Mpwapwa kabla ya kushuka pwani. Na kwa kuwa maji ya Ugogo ni machache, watemi waliitoza hongo misafara iliyotaka kunywa na kupita. Neno hilo leo lina aibu, lakini enzi zile lilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana kweupe na kulipwa kwa vitambaa, shanga na waya.

Kwa hiyo nawasihi, mkifika Bagamoyo, shukeni garini mtembee hadi Kaole, takriban kilomita 5 kuelekea kusini. Mimi nilianzia ufukoni asubuhi, samaki wakinadiwa na akina mama wakiwasha moto wa kukaangia. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikaufuata mchanga hadi ulipogeuka tope na mikoko ikaziba njia, ndipo nikaingia ndani kwenye minazi.

Kaole ni mji mkongwe kuliko Bagamoyo. Msikiti wake mmoja unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, nao ulijengwa kwa mawe ya matumbawe. Kando yake yapo makaburi ya nguzo, ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Nilisimama hapo nikiitafuta bahari iliyozileta bakuli hizo, nikaona mikoko tu. Mizizi yake hushika tope, na tope likizidi mwaka hadi mwaka chombo hakipati tena pa kutia nanga. Hivyo biashara ikahamia Bagamoyo, kwenye ule mchanga nilioukanyaga asubuhi.

Jina la Bagamoyo hufafanuliwa kwa njia mbili: kwamba mpagazi aliyetua mzigo alibwaga moyo, yaani alitulia, na kwamba mtumwa alipoiona bahari aliuacha moyo wake pale. Nilirudi jioni nikaketi ufukoni nikiyapima maelezo hayo, nikashindwa kuchagua, kwa sababu yule aliyetua mzigo na yule aliyefungwa mnyororo walikuja kwa njia moja, na wote wawili walikuwa wamekunywa maji ya Ugogo.