Jicho la Ndani Halitoshi

Ndugu waandishi, nianze na meza. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowataka waikumbuke meza waliyopatia kifungua kinywa: je, wanaiona akilini? Rangi zake je? Mwanga je? Wapo walioiona kana kwamba wameketi tena mezani. Wengine, wakiwemo wanasayansi, hawakuona kitu, na walidhani mtu anayesema "naona" anasema kwa mafumbo tu. Mwaka 2015 daktari wa mfumo wa neva Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo ya kutoona picha akilini jina: afantasia.

Nalitaja hili kwa kuwa wengi hunijia wakilalamika kwamba hawana ubunifu, kumbe wanachokosa ni picha. Msomaji haioni sinema iliyomo kichwani mwako. Anapewa maneno, na kwa hayo anajijengea yake.

Kwa hiyo zoezi langu halianzi kwa kufumba macho. Chukua mhusika anayeingia chumba cha mtu aliyefariki jana. Andika kinachokujia kwanza: pazia limeshushwa, kimya kimetanda, machozi yanamlengalenga. Kifute. Si kibaya, ila ni cha kila mtu. Akili ikiachiwa huokota kilicho karibu. Sasa uulize mwili wake. Mkono umeshika nini? Mlango ulikuwa mzito? Atakanyaga wapi asivikanyage viatu vya marehemu? Haya, viatu hivyo vimetoka wapi? Hatukuvipanga. Vimeletwa na mguu uliokuwa ukitafuta pa kutua. Tena ni vizuri, havijachakaa. Mhusika akijikuta anakadiria kama vitamtosha, hadithi imeanza, na aibu yake imeingia bila mimi kuliandika neno aibu.

Harufu nayo husaidia, ila waandishi wachanga huimwaga kama manukato. Moja kwa ukurasa yatosha.

Mtaniuliza, mambo haya yapatikane wapi? Kwa kutazama watu. Kila siku andika tendo moja ulilomwona mtu akilifanya, bila kivumishi hata kimoja. Usiseme mzee mwenye huzuni. Sema mzee alikunja risiti, akaikunjua, akaisoma, akaikunja tena. Wiki ya kwanza utachoka, maana utagundua huwa hutazami. Unatambua tu na kupita.

Sasa toeni kalamu. Chumba ni kilekile, marehemu ni yuleyule, lakini viatu nimevichukua mimi. Tafuteni kitu kingine.