Ruta Imewaka, Intaneti Haiji: Tafuta Palipokatika Kabla ya Kubonyeza RESET

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Umenunua ruta, umeiwasha, jina la waifai linaonekana kwenye simu, umeunganisha bila shida, lakini simu inakwambia hakuna intaneti. Kabla hujachukua pini kubonyeza RESET, kile kitufe kinachoirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, naomba ukae nami kidogo. Hapa Mombasa naona watu wakifuta mipangilio iliyokuwa sawa, wengine wakitoka kwenda mjini kununua ruta nyingine, kumbe waya mmoja tu umechomekwa tundu lisilo lake. Inaniuma, maana hiyo ni pesa ya mtu.

Njia ya intaneti nyumbani ina vipande vitatu: kutoka nje hadi kisanduku cha faiba ukutani, kutoka kisanduku hicho hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi simu kwa njia ya hewa. Leo kazi yetu ni kujua kipande kipi kimekatika. Ukishakijua, kurekebisha si kazi kubwa.

Tuanze ukutani. Nasogeza kamera. Hiki ndicho kisanduku cha faiba, na taa ninazotaka uziangalie ni PON na LOS. PON ikiwaka kwa utulivu, mwanga wa kampuni unafika. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, na hapo hata ukeshe na ruta hutapata kitu. Fuata ule waya mwembamba kwa macho: umebanwa na kabati? Umekunjwa kwenye kona? Ndani yake ni kioo chembamba kama unywele, ukikunjwa sana mwanga huvujia njiani. Ulegeze taratibu, uache uzunguke kwa upana. Usiuchomoe, na ikitokea umechomoka, usichungulie ncha yake, kwa sababu mwanga ule hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Taa ikibaki nyekundu, pigia kampuni yako.

PON ni nzima na intaneti bado hakuna? Fungua ujumbe wa M-Pesa uangalie nambari ya akaunti uliyolipia. Ukikosea tarakimu moja tu, malipo hayafiki kwako. Kisha muulize jirani anayetumia kampuni tofauti kama kwake iko sawa. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na mambo mengi tunayofungua kwenye simu hupitia nyaya za namna hiyo. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na waya mwingine wa baharini uitwao EASSy zilipokatika huko kusini, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama ile ruta yako haina kosa, iache ilivyo.

Sasa stima. Ruta ikijizima na kujiwasha yenyewe, geuza adapta usome maandishi yake, kisha usome ya chini ya ruta. Volti lazima zilingane, na ampea za adapta zisiwe pungufu ya zile ruta inazotaka. Ruta nyingi ndogo ni za volti 9, na adapta ya dekoda mara nyingi ni ya volti 12. Pini inaingia vizuri kabisa, ruta inaweza kuungua. Tafadhali kuwa mwangalifu na hili, hasa nyumba yenye adapta nyingi kwenye soketi moja.

Tuje kwenye kipande cha pili. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu matatizo mengi yako hapa.

Nageuza ruta nyuma. Tundu moja lina rangi yake peke yake, mara nyingi buluu, na limeandikwa WAN, yaani upande intaneti inakoingilia. Mengine yameandikwa LAN, yaani upande wa vifaa vya nyumbani. Waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba unaingia WAN. Ukiuchomeka LAN, taa za ruta zitawaka, waifai itatokea, na intaneti huenda isije. Sikiliza mlio mdogo wa kukaza unapouchomeka. Na kama ruta imekaa muda mrefu karibu na dirisha linaloelekea bahari, tazama vile vishaba ndani ya tundu. Hewa yetu ya chumvi huvifanyia kutu ya kijani. Badilisha waya kwanza, halafu jaribu tena.

Waya uko sahihi? Tuingie ndani ya ruta. Chukua simu, unganisha na waifai ya ruta, kisha uzime data ya laini. Hatua hii wengi huiruka. Simu ikiona waifai haina intaneti, inajipitishia kwenye data, na ukurasa wa ruta haufunguki. Ukishaizima, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Iandike juu kabisa kwenye mstari wa anwani, usiitafute Google.

Umeingia. Tafuta sehemu ya WAN. Kama kampuni ilikupa jina la mtumiaji na neno la siri, chagua PPPoE uyaandike jinsi yalivyo, herufi kubwa kubwa na ndogo ndogo. Kama hukupewa chochote, chagua anwani ya kujipatia yenyewe, yaani DHCP. Kisha tazama anwani ambayo WAN imepata. Ikiwa ni 0.0.0.0, ruta inaomba na haijibiwi. Huenda kampuni imesajili ile ruta ya zamani kwa nambari yake ya MAC, ile ya kukitambulisha kifaa, na haiitambui hii mpya. Wapigie uwasomee MAC iliyo kwenye kibandiko, wasajili hii.

Sasa sikiliza hapa, maana hili linawachosha hata wanaojua mambo. Visanduku vingi vya faiba siku hizi navyo ni ruta, vinagawa anwani vyenyewe. Tuseme chako kinatumia 192.168.1.1, na ruta uliyonunua nayo inatumia 192.168.1.1. Ruta inaona mtandao uleule mbele yake na nyuma yake, haijui ipeleke wapi kinachokuja. Taa zote nzuri, waya mzuri, neno la siri sahihi, na hakuna kinachofunguka. Ruta nyingine hulitambua hili na kujibadilisha zenyewe, nyingine hazifanyi hivyo. Nenda sehemu ya LAN, badilisha anwani ya ruta yako iwe 192.168.10.1, hifadhi, ngoja iwake upya. Kuanzia hapo utaifungua kwa anwani hiyo mpya, kwa hivyo iandike kwenye kibandiko kwa kalamu.

Njia ninayoipenda zaidi kwa nyumba ya kawaida ni kuiweka ruta kwenye modi ya AP, kama inayo. Hapo inaacha kugawa anwani, inarusha waifai tu, na kisanduku cha faiba kinabaki msimamizi mmoja. Nyumba yote inakuwa mtandao mmoja, hata printa inaonekana kutoka kila chumba.

Kuna wakati WhatsApp inapokea ujumbe lakini kurasa hazifunguki. Hapo njia ipo, mara nyingi kilichokwama ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Kwenye ruta weka 1.1.1.1 ya Cloudflare na 8.8.8.8 ya Google.

Kipande cha tatu: intaneti ipo sebuleni, chumbani haifiki. Ndugu zangu wa Mji wa Kale, nawaelewa sana. Kuta za nyumba zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake unakaribia nusu mita, na mawimbi hayapiti hapo kwa urahisi. Usiiweke ruta nyuma ya ukuta ukatarajia muujiza. Iweke juu, usawa wa mlango, ili mawimbi yapite kwenye uwazi wa mlango hadi ukumbini. Iondoe nyuma ya friji, kioo kikubwa au kabati la chuma. Nyumba ya ghorofa, usihangaike na viongeza mawimbi vya bei rahisi. Vuta waya mmoja hadi juu, uweke ruta ya pili huko kwa modi ya AP. Ni kazi ya siku moja, na utaifurahia miaka.

Ruta yako ikiwa na waifai mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, zipe majina tofauti. Ile ya 5 ina kasi lakini inachoka ukutani, ile ya 2.4 inafika mbali. Runinga na simu za zamani nyingi haziioni kabisa ile ya 5, na mtu anadhani ruta ni mbovu. Walio kwenye fleti za Bamburi au Nyali, ambako simu inaonyesha waifai za majirani mpaka unachoka kushuka, kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. Hizo tatu haziingiliani. Na simu ya zamani ikikataa kuunganisha ingawa neno la siri ni sahihi, angalia aina ya ulinzi wa waifai ndani ya ruta: ukiwa WPA3 peke yake, weka WPA2.

Ukiwa bado ndani ya ruta, badilisha neno la siri la kuingilia humo. Lile la dukani kila mtu analijua.

Ikiwa umepitia yote na bado, au umesahau neno la siri la kuingilia, hapo ndipo RESET ina kazi yake. Kwanza piga picha kurasa za WAN na LAN, kama unaweza kuziona. Hakikisha jina na neno la siri la PPPoE unalo, kama huna lipate kwa kampuni kabla ya kugusa kitu. Ruta ikiwa inawaka, bonyeza kwa pini sekunde kama kumi hadi taa zibadilike, kisha rudi mwanzo wa kipande cha pili. Ni ruta yako tu unayoifanyia hivi. Kile kisanduku cha faiba ukutani nacho kina tundu lake la RESET, na ndani mna mipangilio ambayo fundi wa kampuni aliiweka mwenyewe. Ukiifuta, wewe huwezi kuirudisha, itabidi umngoje yeye.