Mikate arobaini, usiku mmoja

Narudi palepale, najua wengine mshanisikia mpaka mmechoka, lakini kila nikiuliza sadaka ya shukrani ya Wayahudi ilikuwa nini naambiwa "mnyama". Mnyama! Walawi 7 mnaisoma mnaishia kwenye nyama. Hebu leo tuhesabu mikate.

Mtu katoka salama baharini, au kavuka jangwa, au kapona, au katoka kifungoni, hao wanne ndio Talmud, kile kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, inawataja. Anakuja Hekaluni Yerusalemu na ng'ombe au kondoo au mbuzi, dume jike sawa tu, na mikate 40 juu yake. Aina nne, kumi kumi: tatu hazina chachu, ya nne inayo. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa kale, inasema unga ni isaroni 20, nusu inakwenda kwa ile 30 isiyo na chachu, nusu nyingine yote kwa ile 10 iliyoumuka, yaani huo mmoja wa chachu ni sawa na mitatu ya wenzake. Isaroni ni lita mbili na ushee, pigeni hesabu wenyewe, ni madebe mawili ya unga na kitu juu. Mtu mmoja!

Kuhani anachukua mmoja wa kila aina, na kidari na paja. Imebaki 36, na nyama yote hiyo. Sasa sadaka nyingine za amani zinaliwa siku mbili, hii ni leoleo na usiku wake, tena wazee wa Mishna wakakata wakasema mwisho usiku wa manane, asije mtu akapitiwa. Kikibaki, moto.

Namwona ndugu pale nyuma anataka kusema si wangepunguza mikate tu. Ndugu yangu, ndiyo maana yake hiyo! Rabi Naftali Zvi Yehuda Berlin wa mji wa Volozhin, Belarusi ya leo, karne ya 19, alilisema wazi: chakula kingi muda mfupi, ili uite watu uwasimulie ulivyookolewa. Mfikirieni saa nne usiku, kikapu bado kina mikate kumi, yuko mlangoni anavuta wapita njia mkono, "njoo ule, nikwambie ile dhoruba".

Mtauliza, si chachu ilikatazwa madhabahuni? Nimejibu mara elfu, mikate hiyo haikupanda madhabahuni, iliishia tumboni. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, leo imebaki baraka ya hagomel, sala ya kushukuru kwa kuokoka, nayo inataka watu kumi wakusikie. Watu tena!

Na msidhani hesabu ilikubali kila mara, mikate ikaisha. Tarehe 13 Nisani, mwezi wa Pasaka ya Wayahudi, siku moja kabla chachu haijapigwa marufuku kwa ajili ya sikukuu, kila mwenye deni la shukrani analeta siku hiyohiyo, kila mtu mwenyeji, mgeni atoke wapi? Mikate inalala, inaharibika kisheria. Basi kesho yake miwili ya hiyo iliyoharibika iliwekwa juu ya paa la baraza Hekaluni, iwe ishara kwa watu: ikiwepo yote mnakula chachu, ukiondolewa mmoja mnaacha kula ila hamchomi bado, ukiondolewa wa pili mji mzima unawasha moto kuchoma chachu iliyobaki.