Kabla Hujakubali Kuwafundisha Softiboli Watoto Wasioijua

Wengi wenu mmekuja na swali moja: nimeombwa kuwa kocha wa timu ya watoto ambao hawajawahi kucheza softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, nikubali au nikatae? Na nikiwauliza mnachokiogopa, mnaniambia sheria. Nani akimbie lini, straiki ya tatu, yaani kosa la tatu la mpigaji, mpira usipodakwa itakuwaje. Sheria mtazisoma jioni tatu zikaisha, na uwanjani mwamuzi yupo. Mimi nawauliza kitu kingine, na walionisikia kabla ya leo wanakijua: uko tayari kutumia nusu nzima ya msimu wako kufundisha kurusha na kudaka?

Maana watu hawapigi hesabu. Besi ni vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate pointi, na besi hadi besi ni mita 18.29. Kutoka besi ya tatu kukatisha uwanja hadi ya kwanza ni karibu mita 26. Mtoto wa miaka tisa ambaye ndiyo kwanza anashika mpira hawezi kuurusha mita 26. Unaanguka njiani, unaviringika, unampita mwenzake wa besi ya kwanza, unakwenda kugonga uzio. Aliyepiga kampira kadogo kasikofika popote sasa yuko besi ya tatu. Timu changa inaruhusu pointi kwa njia hiyo, kisha kocha anarudi mazoezini na kuwapanga watoto foleni wakapige kwa gongo!

Foleni hiyo tuipigie hesabu. Wiki nane, mazoezi mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila mara: jumla saa 24. Watoto ni 12. Ukiwapigisha mmoja mmoja huku wengine wamesimama, kila mtoto amepata saa mbili za kujifunza kwa msimu mzima. Saa 22 amesimama anachimba udongo kwa kiatu. Wapange wawili wawili, kila jozi na mpira wake, na wote 12 wanafanya kazi kwa wakati mmoja. Mipira sita tu inatosha kuanzia, ingawa ukipata 24 utaokoa muda mwingi wa kuifukuzia.

Sasa kudaka, na hapa sitafanya haraka. Kosa la mtoto mgeni ni kuikinga glavu kama bakuli, kiganja kikiangalia juu, hata mpira ukija usawa wa kifua. Mpira unagonga kiganja, unapanda mkono, unampiga usoni. Mtoto aliyepigwa usoni siku ya kwanza, siku ya pili anafumba macho na kugeuza kichwa, na anayegeuza kichwa ndiye atakayepigwa tena. Kwa hiyo siku ya kwanza glavu zikae chini. Chukua mipira ya tenisi, simama mita tatu kutoka kwake, urushe kwa mkono wa chini, polepole, adake kwa mikono miwili. Ukija juu ya kiuno, vidole vinaangalia juu. Ukija chini ya kiuno, vidole vinaangalia chini. Rudia mpaka mikono igeuke yenyewe bila wewe kusema. Baada ya hapo avae glavu, bado na mpira laini. Mpira wa mechi uje mwisho. Najua kuna mtu anasema moyoni kwamba huko ni kuwadekeza. Sikiliza: hofu ikishaingia, utatumia wiki tano kuitoa. Mipira ya tenisi inakuchukulia siku mbili.

Kurusha nako kuna ugonjwa wake. Mtoto anasimama kifua kikiutazama upande anakorusha, kiwiko kimeshuka chini ya bega, na mpira anausukuma. Mgeuze ubavu. Bega la mkono wa glavu lielekee kwa mwenzake, kiwiko kipande hadi usawa wa bega, apige hatua kwa mguu ulio kinyume na mkono unaorusha, na mkono ukishaachia usikatizwe, uendelee mpaka uvuke goti la upande wa pili. Ashike mpira kwa vidole, usimkae kiganjani. Vidole vikiwa vifupi, atumie vitatu au vinne. Walio chini ya miaka kumi kwa kawaida hutumia mpira wa mzingo wa inchi 11, wakubwa wao inchi 12, kwa hiyo kagua mpira uliopewa kabla ya kumlaumu mtoto. Na zile mita 26? Mfundishe kurusha mpira udunde mara moja njiani. Mpira uliodunda ukafika ni bora kuliko uliopaa ukapotea.

Mtaniuliza juu ya pitcha, yule anayemrushia mpigaji mpira. Ndiyo. Akirusha mipira minne nje ya eneo ambalo mpigaji anaweza kuupiga vizuri, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Wapigaji wanne mfululizo wakitembea, mpinzani amepata pointi, imerushwa mipira isiyopungua 16, na watoto wako wote wamesimama tu. Tenga watatu au wanne tangu siku ya kwanza, dakika 15 kila mazoezi. Waanzie mita tano au sita, kwanza kifundo cha mkono peke yake, kisha nusu mzunguko wa mkono, kisha mzunguko kamili. Mpira ukichimba chini, ameuachia mapema. Ukipaa, amechelewa. Uachiliwe mkono unapopita nyonga. Usiwakimbize kwenye umbali wa mechi, ambao kwa ligi nyingi ni mita 10.7 kwa walio chini ya miaka 10 na 12.2 kwa walio chini ya 12. Na kabla hujajibu ombi lao, uliza kama ligi hiyo inaruhusu kocha awarushie wapigaji wa timu yake. Jibu la hapo linabadilisha msimu wako wote.

"Lakini mimi sijawahi kucheza." Halikuzuii. Aliyecheza miaka mingi mara nyingi hakumbuki kwamba kudaka kulifundishwa, kwa hiyo harudi nyuma vya kutosha.

Kinachokuzuia ni hivi. Huwezi kufika siku zote mbili za wiki: kataa. Huna mtu mzima wa pili wa kusimama na wewe: usikubali mpaka apatikane, kwa sababu huwezi kumtazama pitcha na jozi sita kwa wakati mmoja. Unataka kushinda mechi za mwanzo: kataa, tena kataa mapema, ili watafute mwingine kabla msimu haujaanza.

Muda umenibana. Kupiga nitakusemea kidogo tu: gongo jepesi kuliko unavyodhani, na mpira uwekwe juu ya kigingi kwanza. Wazazi, waambie siku ya kwanza kwamba nafasi zitazunguka. Kofia ngumu yenye kinga ya uso kwa kila mpigaji na kila mkimbiaji, na mtoto asishike gongo kama si zamu yake, hili halina mjadala.

Mipira ya tenisi iko kwenye ndoo pale mlangoni. Tokeni nje wawili wawili, mita tatu, mikono mitupu. Nataka kuona vidole vyenu vinaangalia wapi.