Unyama si wa wanyama

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimewasalimu mara mbili kwa sababu humu ndani tumo wa makanisa mbalimbali, na ninayotaka kuyasema leo yanatuhusu sote.

Nianze na neno moja. Mtu akimchoma mtoto mikono kwa sababu kachukua shilingi mia mbili mezani, tutasema amemfanyia unyama. Gazeti litaandika hivyo, na sisi tukisoma tutatikisa vichwa: "Huyu si mtu, huyu ni mnyama." Lugha yetu imeweka utu upande huu na unyama upande ule, na kila ovu linalotutisha tunalisukumia kule. Neno hilo limenisumbua miaka mingi. Ni mnyama gani aliyewahi kuchoma mikono ya mwanawe ili amfunze adabu? Chui anaua, tena anaua vibaya. Lakini chui hafungi mlango kwanza. Haongezi sauti ya redio ili majirani wasisikie.

Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba walimu wakuu wa Kanisa nitakaowataja hawakuuweka mzizi wa uovu wetu upande wa mnyama. Wameuweka pale pale tunapojivunia, kwenye akili na utashi.

Lakini kwanza tumtendee mnyama haki. Nililelewa kwa bibi, na bibi alifuga kuku wa kienyeji. Kivuli cha mwewe kikipita uwanjani, mama kuku alitoa sauti moja tu, kali na fupi, na vifaranga wa siku tatu walilala chini kimya kama mawe. Siku tatu duniani! Hawajawahi kumwona mwewe akinyakua. Hawajapata muda wa kuzoea wala kujifunza kwa makosa, na kwa mwewe kosa la kwanza ndilo la mwisho. Wamejuaje? Bibi alikuwa na jibu fupi: "Wameumbwa nayo." Kiswahili cha vitabuni kinaiita silika.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mtawa na mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo hilo hilo kwa mfano wa kondoo na mbwa-mwitu. Kondoo anakimbia, anasema Tomaso, na sababu si kwamba rangi ya mbwa-mwitu inamchukiza au umbo lake ni baya. Macho yanaona rangi na umbo tu; hayaoni uadui. Na bado kondoo anautambua uadui. Kwa hiyo ndani yake mna uwezo unaopita macho na pua, uwezo wa kupima lenye faida na lenye madhara. Mfano huo Tomaso aliupokea kwa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana wengi wenu mnaishi mlango kwa mlango na Waislamu, na ni vema mjue kwamba babu zetu katika imani hawakuona haya kukaa miguuni pa mwalimu wa dini nyingine pale alipoona sawasawa.

Tomaso anaendelea kusema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kondoo anahukumu. Ndiyo, anatumia neno hukumu. Ila hukumu yake ni ya asili, si huru. Hapimi hili na lile, hajiulizi kama leo akimbie au asubiri. Mwanadamu naye anamwona adui yake njiani na moyo unadunda vile vile, miguu inataka kukimbia vile vile. Lakini kati ya kuona na kutenda amepewa nafasi. Katika nafasi hiyo anaweza kulinganisha. Anaweza kukimbia, kupigana, au kumsalimu. Mama akiuona moto unalamba mlango, mwili wote unamwambia toka, naye anaingia ndani kwa sababu mtoto yumo.

Najua mtauliza: kuku naye hamrukii mwewe kwa ajili ya vifaranga? Anamrukia, na ni jambo la kushangaza. Lakini kuku hawezi kukataa kufanya hivyo na baadaye akajuta. Mama anaweza.

Kuna pingamizi la zamani sana, nalo Tomaso hakulikwepa. Mbwa wa kuwinda anamfuata paa, anafika mahali njia imegawanyika mara tatu. Ananusa njia ya kwanza, hamna. Ananusa ya pili, hamna. Basi anaifuata ya tatu bila hata kunusa. Je, huyo hakufikiri? Si hii, si hii, basi ni ile! Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alikwisha kuutumia mfano wa mbwa huyu katika mahubiri yake juu ya siku sita za uumbaji, akasema hana akili lakini silika yake inafanya kazi ya akili. Tena aliongeza kwamba shukrani ya mbwa kwa anayemlisha inawaaibisha watu wasio na shukrani. Jibu la Tomaso ni la saa. Ukiitazama saa inavyokwenda, unaona mpango, unaona hesabu, na hesabu hiyo ni ya kweli. Ila aliyehesabu ni fundi. Hekima iliyo ndani ya mbwa ni hekima kweli kweli. Mwenyewe ni yule aliyemuumba.

Ndiyo maana manabii hawakumtaja mnyama kwa dharau. "Ng'ombe amjua bwana wake," anasema Isaya, na punda anajua kibanda cha bwana wake, bali Israeli hajui. Yeremia anawataja mbayuwayu na korongo wanaozijua nyakati zao. Korongo weupe wanaotua kwenye mbuga zetu mwishoni mwa mwaka wakitoka Ulaya, wengi wao hupita juu ya nchi ile ile ya Yeremia. Wanashika safari waliyowekewa. Sisi tuliopewa sheria kwa maandishi tunauliza kama ni lazima.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 354, katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, alizaliwa Augustino. Mwafrika. Alipokuwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba matunda usiku, mapeasi, kwenye mti uliokuwa karibu na shamba la mizabibu la nyumbani kwao. Amelieleza kosa hilo katika Maungamo yake akiwa tayari askofu, na analieleza kwa kurasa nyingi kiasi kwamba wasomaji wengine humwona anatia chumvi. Matunda tu! Lakini sikilizeni anavyojihoji. Hakuwa na njaa. Nyumbani kwao yalikuwapo mapeasi mazuri kuliko yale. Yenyewe hayakuvutia kwa sura wala kwa ladha. Waliyabeba kwa wingi, wakayaonja kidogo pengine, mengi wakawatupia nguruwe.

Wawekeni pamoja katika mawazo yenu, wavulana na nguruwe, usiku ule. Nguruwe wamekula kwa sababu nguruwe hula. Hakuna lawama hapo. Tumbo limeomba, mdomo umeitika. Wavulana wametenda nini? Hawakuongozwa na tumbo. Augustino anakiri kwamba alichopenda ni ubaya wenyewe, ile raha ya kufanya lililokatazwa kwa kuwa limekatazwa, tena mbele ya wenzake, kwa maana peke yake asingeiba. Kukatazwa ni jambo la akili. Kuonekana shujaa mbele ya rafiki ni jambo la akili. Kati ya viumbe waliokuwapo usiku ule, walioshuka chini ni wale waliosoma shule.

Miaka mingi baadaye, katika Mji wa Mungu, kitabu alichokianza mwaka 413, aliandika kwamba hata simba hawajawahi kupigana wao kwa wao vita kama vile wanavyopigana wanadamu. Na katika kitabu hicho hicho akalijibu swali ambalo hata leo tunalijibu vibaya. Paulo anapoandika kwa Wagalatia juu ya "matendo ya mwili", sisi tunasikia ngozi na damu. Rudini kwenye orodha yake. Uasherati umo, ulevi umo, ulafi umo. Lakini mna pia ibada ya sanamu, uchawi, uadui, fitina, uzushi, husuda. Mmewahi kumwona mbuzi mchawi? Mmemwona bata akianzisha uzushi? Augustino anaongeza hoja ambayo naiona haina jibu: Shetani hana mwili. Halewi, hazini, tumbo hana. Na ndiye mwenye kiburi na husuda kuliko wote.

Nimekaa na vijana wengi, na watu wazima pia, wakaniambia, "Mwalimu, mwili ulinishinda." Huwa siwabezi; najua vita hivyo. Lakini nikiuliza pole pole, natajiwa mambo ambayo mwili haukuyafanya. Namba iliyohifadhiwa simuni kwa jina la fundi bomba. Kikao cha kanisa kilichosingiziwa. Nauli iliyotafutwa siku tatu kabla. Tafadhali, mwili hauwezi hayo. Mwili haujui hata kesho ni nini. Ulikuwa na hamu tu, kama ulivyokuwa na kiu. Aliyepanga ni yule yule anayepanga bajeti na kuandika ripoti za ofisi. Na mtu akiendelea kuulaumu mwili ataufungisha, ataunyima usingizi, ataupigisha magoti, huku mpangaji amekaa kitini, hajaguswa.

Tomaso ana sentensi moja ambayo naomba wachungaji na mapadre wetu waifundishe wanandoa. Anasema kwamba kama anguko lisingetokea, raha ya mwili katika ndoa isingepungua. Ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa asili ingekuwa safi zaidi. Mtawa ndiye anayesema hivyo. Silika haikuja na nyoka bustanini. Hata Bwana wetu aliona njaa jangwani, alichoka pale kisimani Sikari, alilala usingizi mzito chomboni mpaka wakamwamsha.

Wapo waliokosea kwa upande wa pili. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1637, aliwafanya wanyama kuwa mitambo. Mnakumbuka Tomaso naye alitaja saa, lakini kwake kondoo ana nafsi, anahisi, anaogopa kweli. Baada ya Descartes wapo walioamini kwamba kilio cha mbwa ni kama mlio wa bawaba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema kwamba kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Anayempiga punda aliyelemewa na mzigo asome habari za Balaamu, nabii msomi aliyempiga punda wake mara tatu kwa kuwa punda alimwona malaika na yeye hakumwona.

Nimalizie Babeli. Danieli sura ya 4 inatueleza habari za mfalme aliyekula majani kama ng'ombe, nywele zikawa kama manyoya ya tai, kucha kama za ndege. Tunafundisha watoto kwamba Nebukadneza aliadhibiwa kwa kugeuzwa mnyama. Lakini angalieni ni lini alipokuwa hatari. Akiwa mtu kamili, mwenye akili zake zote, Danieli alimsihi awahurumie maskini, akapewa miezi kumi na miwili, hakusikia. Akiwa mtu kamili alitembea juu ya jumba lake akisema, si huu ndio Babeli mkubwa nilioujenga mimi? Kule malishoni, kwa nyakati saba, hatusomi kwamba alimdhuru mtu yeyote. Alilowa umande wa mbinguni, akala majani, basi. Kisha imeandikwa kwamba aliinua macho yake kuelekea mbinguni, na fahamu zake zikamrudia. Macho yalitangulia. Na jambo la kwanza alilofanya kwa akili ile iliyorudi, kabla madiwani wake hawajamtafuta na kabla hajarudishiwa ufalme, lilikuwa kumhimidi Aliye juu.